Mizani ya Paa: Barua ya Wazi kwa Kamati ya Usalama Barabarani ya Mkoa wa Arusha

Mheshimiwa Mwenyekiti, na waheshimiwa wajumbe wa Kamati,

Naomba wasaa wenu kidogo niwasimulie habari ya mzigo mmoja niliousafirisha juu ya paa la gari langu mwezi wa Julai uliopita, kutoka Unga Limited hadi Usa River. Na ijapokuwa mzigo wenyewe ulikuwa wa ajabu kidogo, jambo lililonisibu kwa sababu yake si la ajabu hata chembe, nami nastaajabu kwamba halitusibu kila siku, sisi tunaopandisha magodoro, makochi, mabati na mikungu ya ndizi juu ya Noah zetu kana kwamba paa la gari ni dari ya nyumba.

Mzigo ulikuwa chasisi. Haikuwa chasisi ya lori wala ya Land Rover, bali ya kigari cha watu wawili ambacho vijana watatu, waliopata kuwa wanafunzi wangu wa ufundi wa chuma, walikuwa wakikiunda jioni jioni baada ya kumaliza kazi za wateja, kwa bomba za mraba za inchi moja na mashine moja ya kuchomelea ambayo hupumzishwa kila baada ya robo saa isiungue. Huko Uingereza kazi ya namna hii ina historia yake: tangu mwaka 1957 kampuni ya Lotus iliuza gari lake liitwalo Seven likiwa vipande, mnunuzi akaliunga mwenyewe nyumbani kwake, kwa kuwa gari la vipande liliepuka kodi ya ununuzi iliyotozwa gari zima, na mwaka 1996 Ron Champion akatoa kitabu kilichowafundisha watu wa kipato kidogo kujiundia gari la mfano huo kwa mirija ya chuma na mabaki ya gari kuukuu. Sisi nasi si wageni kabisa wa magari ya vipande, maana Kibaha iliwahi kuunga malori ya Scania katika kiwanda cha TAMCO, na hapo hapo Kibaha ndipo lilipobuniwa lori la Nyumbu. Lakini hayo yalikuwa na serikali nyuma yake, ilhali vijana hawa nyuma yao nipo mimi, mwalimu mstaafu mwenye Noah na keria.

Injini ilikuwa Usa River, uani kwa shemeji wa mmoja wao, ndani ya Corolla iliyogongwa nyuma ikabaki nzima mbele. Ikawa rahisi zaidi kuipeleka chasisi kwenye injini kuliko kuileta injini kwenye chasisi. Ningeweza kukodi kirikuu. Sikukodi, na sababu ni ubahili, wala sina haja ya kuupamba kwa jina jingine.

Kabla ya kuipandisha tuliipima kwenye mizani ya magunia ya mashine ya kusaga iliyo jirani (na mtaa wenyewe, kama mjuavyo, jina lake umelirithi kwa kinu cha unga), tukapata kilo 68. Wazee wa pwani, waliohesabu kwa frasila, wangesema ni frasila nne na kitu. Nao walijua kwamba mzigo wa mpagazi mmoja katika misafara ya bara ulikuwa kama frasila mbili, kwa hiyo juu ya paa langu ilikuwa imelala mizigo ya wapagazi wawili, fauka ya keria yenyewe, ambayo tulipoipima baadaye, tukiwa tumekwisha kupata adabu, tuliikuta ina kilo 18. Jumla ni kilo 86, na magari mengi madogo huruhusiwa na watengenezaji wake kubeba juu ya paa kati ya kilo 50 na 100 tu, pamoja na uzito wa keria. Nakiri mbele yenu kwamba nimeendesha gari miaka zaidi ya thelathini pasipo kulijua hilo.

Tuliifunga kwa mipira iliyochanwa kutoka tyubu za baiskeli na kwa kamba ya manila, tukaipitisha juu na chini, juu na chini, tukaivuta mpaka viganja vikawa vyekundu, tukaning'iniza kipande cha kanga nyekundu kwenye ncha iliyochomoza nyuma, kisha kijana mmoja akaipiga kofi chasisi, gari zima likatikisika, akasema, “Mwalimu, hii haing'oki hata ije tufani.” Alisema kweli. Haikung'oka, iliteleza.

Tulishika Barabara ya Moshi kwa mwendo wa kobe, watu wakitupungia mikono, na kondakta mmoja wa kifodi akauliza kwa sauti kama tumebeba kitanda cha jini. Mpaka Tengeru, ambako njia nne zinazoanzia Sakina hukoma, hapakuwa na neno. Tulipoipita Tengeru barabara ikabana, magari ya nyuma yakaanza kuniharakisha kwa honi, nami kwa haya ya kizee nikaongeza mwendo; na tulipokaribia Makumira, punda wawili waliobeba madumu ya maji wakaingia barabarani kwa utulivu wa punda, nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Gari lilisimama. Juu yetu ukasikika mkwaruzo mrefu, kama wa mtu anayekokota kabati sakafuni, na ncha ya bomba ikatokeza mbele ya kioo, shubiri mbili hivi kutoka machoni pangu, ikabaki pale ikitetemeka. Punda walivuka bila kugeuka. Yule kijana wa tufani alikuwa ameishika mipira kwa mkono kupitia dirishani, na mkono wake ulikuwa umechunika kuanzia kiwiko hadi kifundo.

Hasara, kwa rehema za Mungu, ilikuwa ngozi ya mkono na rangi ya paa. Walakini nilipotulia niliona bayana kosa letu lilikuwa wapi. Sisi tulifunga kwa kuuogopa upepo, kwa maana kila mtu huogopa upepo, na kwa hiyo tuliivuta chasisi chini kwa uhodari mkubwa. Hatukuweka hata uzi mmoja wa kuizuia isiende mbele, ilhali mbele ndiko mzigo unakotaka kwenda kila dereva anapofunga breki. Kanuni za Ulaya za kufunga mizigo hutaka vifungo viweze kuzuia, upande wa mbele, nguvu iliyo sawa na sehemu nane kwa kumi za uzito wa mzigo, na sehemu tano kwa kumi upande wa nyuma na ubavuni. Kwa mzigo wangu, upande wa mbele pekee, hizo ni kilo 54 na zaidi, na mpira wa tyubu ya baiskeli, ambao fahari yake yote ni kunyumbuka, hauwezi kuzuia kitu kama hicho. Dawa yake haikuwa na gharama ya kutisha: mikanda miwili ya kukaza iliyofungwa kutoka pua ya chasisi hadi kwenye ndoano ya kuvutia gari, na mingine miwili ya nyuma.

Na liko jambo la pili, ambalo kwangu mimi ni zito kuliko la kwanza. Chasisi ya bomba ina matundu matupu, upepo huipenya na kwenda zake. Lakini godoro ni tanga. Nguvu ya upepo huongezeka mara nne mwendo unapoongezeka mara mbili, hivi kwamba godoro lililotulia kwenye kilometa 40 kwa saa si godoro lile lile kwenye 80. Watu wa Tengeru walisimama kukitazama chuma changu kwa hofu, na katika dakika zile zile yakapita magodoro matatu, nayaona kwenye kioo cha pembeni, yamefungwa kwa kamba moja moja, hakuna aliyegeuza shingo.

Sasa naomba mlifikiri hili pamoja nami. Lori litokalo Namanga hupimwa Kimokouwa, na liendalo Babati hupimwa Makuyuni, kwa Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, sheria ya Jumuiya ambayo makao yake makuu yapo hapa hapa mjini petu. Mpagazi apandaye Kilimanjaro hupimwa mzigo wake langoni, usizidi kilo 20, na hilo ni jambo la insafu. Sanduku la msafiri hupimwa uwanja wa ndege. Ama paa la Noah, lenye roho nane chini yake, halina mizani yoyote, kwa kuwa sheria ile ya Jumuiya huanza na magari ya uzito wa kilo 3,500 na kuendelea, na yaliyo chini ya hapo yamebaki kwa sheria ya jumla ya usalama barabarani ya mwaka 1973, kwa jicho la trafiki, na kwa dhamiri ya dereva. Na dhamiri ya dereva mwenye haraka, kama nilivyokwisha kukiri, hunyumbuka kama tyubu.

Siombi marufuku, waheshimiwa. Mikungu inayoshuka kutoka miteremko ya Meru kwenda magulio hupita juu ya mapaa hayo, na anayepiga marufuku paa amepiga marufuku chakula cha jioni cha watu wengi. Wala siombi faini mpya. Ninaloliomba ni kwamba keria zinazochomelewa katika gereji zetu, ambazo hutoka nzuri, zimepakwa rangi nyeusi inayong'aa, na hazina alama yoyote ya kumwambia mnunuzi zinastahimili kilo ngapi, ziwe zinajaribiwa na kugongwa muhuri wa uzito wake. Maarifa hayako mbali: Chuo cha Ufundi Arusha tunacho, TEMDO na CAMARTEC tunazo, na sidhani kuna mhandisi katika taasisi hizo atakayeona shida kupakia magunia ya mchanga juu ya kipande cha chuma na kuandika namba. Kadhalika naomba karatasi moja, ya Kiswahili chepesi, yenye picha, ibandikwe Kilombero, Tengeru, stendi na magerejini, inayoonyesha namna ya kufunga mzigo mbele, nyuma na ubavuni. Na katika Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, mnapokagua breki na matairi kabla ya kutoa stika, mtazame na juu. Shughuli zetu kubwa za mkoa aghalabu hufanyika katika uwanja wenye jina la Sheikh Amri Abeid, aliyetoa mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Nafikiri marehemu, aliyewataka washairi wahesabu mizani ya kila mstari, asingeona ajabu dereva naye akitakiwa ahesabu yake.

Kigari bado hakijakamilika. Injini imekwisha kukaa mahali pake, usukani bado, na siku kitakapokuwa tayari kutoka uani tutaleta maombi mengine, ya ukaguzi na usajili, kwa mamlaka zinazohusika. Kwa leo ombi ni la keria tu. Yangu ipo, haina muhuri, ina mkwaruzo mrefu upande wa kushoto, nami niko tayari iwe ya kwanza kupimwa. Nitaileta siku yoyote mtakayoitaja, isipokuwa Jumatano na Jumamosi, kwa kuwa hizo ni siku za gulio la Tengeru na barabara haipitiki.

Wasalaam,
Mwalimu mstaafu wa ufundi wa chuma,
Arusha