Jino la Kupandikiza Nalo Lataka Matengenezo



Katika mkutano wa tawi letu ndugu mmoja alitoa hoja kwamba katika mkataba mpya tudai mwajiri atulipie meno ya kupandikiza. Wazee wakacheka, wakasema hayo ni mapambo ya matajiri. Mkutano ukafungwa bila uamuzi. Mimi siwaungi mkono wazee, wala siiungi mkono hoja kama ilivyoletwa. Naomba nieleze.

Kwanza, jino si pambo. Dereva wa safari ndefu hula kinachopatikana njiani, na asiye na magego hawezi kutafuna nyama wala mahindi ya kuchoma.

Pili, kazi yenyewe ni ya kweli. Skrubu ndogo ya madini ya titani hufungwa ndani ya mfupa wa taya. Mfupa ukishashikamana nayo, jino la bandia hufungwa juu yake. Mtaalamu wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, aligundua jambo hili miaka ya 1950 alipokuwa akichunguza mifupa ya sungura. Mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, alipandikizwa mwaka 1965, na vipandikizi vikamtumikia mpaka alipofariki mwaka 2006. Uchunguzi mwingi uliofanywa tangu hapo waonyesha kwamba baada ya miaka 10, vipandikizi kama 95 katika kila 100 bado vimo kinywani. Ikifika miaka 20 hupungua, ingawa vingi bado vimo.

Lakini sisi watu wa karakana twajua kwamba lori kuwamo uani si sawa na lori kuwa barabarani. Vivyo hivyo, kipandikizi kuwamo kinywani si kusema ni kizima. Skrubu hulegea. Jino la kauri humeguka. Lililo baya zaidi ni ukoga kuota pembeni, ufizi ukavimba na kutoa damu, na mfupa unaoshika skrubu ukaliwa kidogo kidogo. Kwa makadirio ya wataalamu, mtu kama 1 katika kila 5 waliopandikizwa hupatwa na ugonjwa huu. Mwanzoni mara nyingi hauumi, kwa hiyo mtu hukaa kimya mpaka kitu kinacheza. Walio hatarini zaidi ni wavuta sigara, wenye ugonjwa wa sukari usiodhibitiwa, na waliopoteza meno yao kwa ugonjwa wa fizi. Ndugu zangu, tutazamane: je, hao si sisi?

Mwenzetu mmoja dereva aliuza ng'ombe watatu, akapandikizwa jino katika mji mmoja wa pwani. Mwaka wa nne likaanza kucheza. Huku kwetu madaktari wawili walilitazama wakashindwa kulifungua, maana lilitaka bisibisi ya kampuni iliyolitengeneza, naye hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha ni kampuni gani. Akachukua likizo bila malipo, akarudi pwani, akakuta zahanati ile imehama. Leo anatafunia upande mmoja, na zizi ni tupu.

Ndiyo sababu nasema hoja irekebishwe. Mwajiri atapenda kulipa mara moja, apige picha na mfanyakazi anayecheka, kisha atuachie gharama zote zinazofuata. Tusikubali. Kifungu kitaje mambo manne: kwanza, fizi zitibiwe kabla ya kupandikiza, pili, mwanachama apimwe na kusafishwa kila mwaka, pamoja na picha ya eksirei inapohitajika, tatu, matengenezo yalipiwe, na hata kuking'oa kipandikizi kilichoshindwa, nne, kila aliyepandikizwa apewe kadi yenye jina la kampuni, kipimo cha skrubu na tarehe, aichukue popote aendapo.

Mwajiri akikataa matengenezo, basi tuchague fedha hizo zitibu fizi na meno ya wanachama wote, na waliokwisha kung'oka wapewe meno ya bandia ya kuvaa na kuvua. Hayo si ya fahari, lakini yakivunjika hutengenezwa bila kutafuta bisibisi ya mtu aliye mbali. Ni heri watu mia wabaki na meno yao kuliko watu watatu wapate skrubu zisizo na fundi.

Wajibu wetu nao upo. Chama hakiwezi kumpigia mtu mswaki, wala mkataba hauwezi kumzimia sigara.

Naiomba kamati ya tawi iilete hoja hii tena mkutano ujao, ikiwa na vifungu hivyo vinne. Hakuna kati yetu ambaye angenunua lori lisilo na spea wala fundi. Tusinunue jino la namna hiyo.

Mwanachama, karakana ya malori