Bata wa Mtoto na Mwili wa Mtu Mzima

Desemba 1999 Umoja wa Ulaya ulikataza fithaleti katika vichezeo ambavyo mtoto mchanga hutia mdomoni, na mwaka 2005 katazo hilo likafanywa la kudumu. Marekani ilifuata mwaka 2008. Fithaleti ni kemikali za kulainisha plastiki ngumu aina ya PVC. Hazishikamani nayo barabara, hivyo huvuja kidogo kidogo, na baadhi yake huvuruga homoni. Bata wa plastiki wa mtoto akawekewa mpaka wa asilimia 0.1 ya uzito wake. Sheria njema, nani ataipinga?

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2006 Greenpeace ya Uholanzi ilipimisha maabara vifaa vinane vya faragha vya watu wazima. Saba vilikuwa na fithaleti, kati ya asilimia 24 na 51. Yaani kimojawapo kilikuwa nusu nzima dawa ya kulainishia! Na vitu hivi haviishii kiganjani. Huingia mahali penye utando mwororo kabisa wa mwili. Ulaya ilingoja hadi Julai 2020 ndipo ikaupeleka mpaka ule wa bata, kwa fithaleti nne, kwa bidhaa nyingine zinazogusa ngozi na utando wa mtu kwa muda mrefu. Miaka zaidi ya ishirini!

Wenye viwanda walikuwa na kinga yao, maneno machache kwenye boksi: bidhaa hii ni ya mzaha tu. Ukiumia, basi ni wewe uliyeugeuza mzaha kuwa kweli. Mtu akiuziwa sufuria inayovuja hurudi dukani na kupiga kelele mtaa mzima usikie. Lakini ni nani atakayerudisha kitu hiki akaeleza kimemwasha wapi? Biashara hii imeneemeka kwa aibu yetu.

Wapo watakaosema dawa ni kuviacha. Maadili yao nayaheshimu, hoja yao siikubali: anayechukia sigara hafurahi ikitiwa sumu ya panya. Isitoshe, hawajui wanamsema nani. Gosnell Duncan, mzaliwa wa Grenada, alipooza kuanzia kiunoni kwa ajali huko Marekani mwaka 1965. Vifaa vya mpira vya siku zile havikustahimili moto wala kusafishwa sawasawa, naye akashirikiana na mkemia wa General Electric hadi akapata silikoni ifaayo, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alikuwa akiwafikiria walemavu wenzake na ndoa zao. Tena mwanamke aliyetibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi huweza kuelekezwa na daktari atumie kifaa cha kutanulia uke usije ukabana. Na huyo naye aambiwe aache?

Kwa hiyo anayenunua na aulize kitu kimetengenezwa kwa nini, kama aulizavyo nyama imechinjwa lini. Silikoni tupu, chuma cha pua na kioo kigumu havina vitundu vya kuficha vijidudu, na kama hamna mota ndani huchemshwa kama chupa ya mtoto. Kilicholaini kama jeli, chenye kunata na harufu kali ya plastiki mpya, kiache hapo hapo. Wala usiridhike na neno “silikoni” kwenye boksi, maana wengine huichanganya na plastiki nyingine wakaandika jina la ile ya ghali. Kiwango cha kimataifa, ISO 3533, kilitolewa mwaka 2021, ila ni cha hiari, na hiari ya mfanyabiashara tunaijua.

Silikoni haipatani sana na vilainishi vya silikoni, huweza kuichakaza. Tumia vya maji. Na aliyekwisha kununua cha jeli, akiwa hana uwezo wa kukibadilisha leo, akivalishe kondomu mpya kila mara, wala asimwazime mtu.