Kocha Mpya wa Bunju na Adabu ya Kumpa Mtu Amana

Anayeishi Bunju hahitaji kusoma gazeti ili ajue kwamba klabu ya Simba imepata kocha mpya. Uwanja wa mazoezi wa klabu hiyo uko hapa kwetu, na habari za pale hufika barazani upesi. Kijana wa bodaboda amekwisha kumwona, muuza matunda amekwisha kumpima kwa macho, na baada ya swala ya Isha wazee watatu kwenye kahawa wamekwisha kugawanyika mafungu mawili.

Juma hili tumeona tulizungumze jambo hili katika ukurasa wa familia, kwa kuwa limekwisha kuingia ndani ya nyumba zetu. Hatuna nia ya kuwakataza watu mpira. Mchezo unaoujenga mwili una nafasi yake, na tunawashukuru wanaowaweka vijana wetu uwanjani jioni badala ya kuwaacha wazurure. Tunachotaka kukitazama ni ule mjadala wenyewe: nini kinasemwa, kwa ulimi gani, na nani anayeugharimia.

Tuanze na hesabu, maana wapenzi wa mpira wanapenda hesabu. Julai 2018 Simba ilimpokea Patrick Aussems wa Ubelgiji. Aliipa ubingwa wa ligi na kuifikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na Novemba 2019 akaondolewa. Akaja Mbelgiji mwenzake, Sven Vandenbroeck, aliyeondoka Januari 2021. Akaja Mfaransa Didier Gomes, akaondoka Oktoba mwaka ule ule baada ya timu kutolewa na Jwaneng Galaxy ya Botswana. Wakafuata Pablo Franco wa Hispania, Zoran Maki wa Serbia, Robertinho wa Brazil, Abdelhak Benchikha wa Algeria na Fadlu Davids wa Afrika Kusini. Katikati yao mwalimu wetu wa nyumbani, Juma Mgunda, aliitwa zaidi ya mara moja kuishika timu wakati wengine wanatafutwa. Fadlu aliifikisha Simba fainali ya Kombe la Shirikisho Mei 2025, na Septemba mwaka huo akaenda Raja ya Morocco. Oktoba akaletwa Dimitar Pantev wa Bulgaria kwa cheo cha meneja mkuu, akitoka Gaborone United, timu ambayo Simba ilikuwa imetoka kucheza nayo. Naye hakuumaliza mwaka.

Hao ni wageni tisa katika muda usiofika miaka minane. Wenzetu wa Jangwani wasicheke, kwani mwaka 2025 peke yake Yanga ilipita mikononi mwa Sead Ramovic, Miloud Hamdi, Romain Folz na Pedro Gonçalves.

Kila anapokuja mmoja, maswali ni yale yale. Je, anafaa? Nani amemchagua, na kwa kumshauri nani? Apewe muda gani kabla ya kuhukumiwa? Tukiyasikiliza maswali haya kwa utulivu tutaona kwamba ni mazuri. Ni maswali ya amana. Umma wetu umekwisha kuyakabili zamani, katika mambo mazito kuliko mpira, na wema waliotutangulia wametuachia mifano ya namna ya kuyajibu.

Mfano wa kwanza ni wa Usama bin Zayd (r.a.). Mwaka wa 11 Hijria Mtume (s.a.w.) alimteua kuliongoza jeshi kuelekea Sham, naye wakati huo alikuwa kijana asiyezidi miaka ishirini hivi. Jeshini walikuwamo masahaba wakubwa kwa umri na kwa cheo. Watu wakanung'unika juu ya uteuzi ule. Mtume (s.a.w.), naye yu mgonjwa, aliwakumbusha kwamba waliwahi kuutilia shaka pia uongozi wa baba yake, Zayd, na kwamba baba alistahiki kama mwana anavyostahiki. Mtume alipofariki, wapo waliomshauri Abubakar (r.a.) amweke mtu mzima zaidi. Abubakar alikataa katakata. Akatoka kulisindikiza jeshi kwa miguu huku Usama yumo juu ya kipando chake, na alipotaka Umar abaki naye Madina, alimwomba Usama ruhusa. Khalifa anamwomba kijana ruhusa! Hapo tunajifunza kwamba aliyepewa kazi hupewa pamoja na heshima ya kuifanya.

Mfano wa pili unahusu malalamiko. Watu wa Kufa walimshitaki gavana wao, Saad bin Abi Waqqas (r.a.), kwa Sayyidna Umar, wakafika kusema hata kuswalisha hajui. Umar alimwondoa, lakini hakuishia hapo. Alimwita na kumuuliza, naye Saad akaeleza namna anavyoswalisha. Kisha Umar akatuma watu wakapita Kufa, msikiti kwa msikiti, wakiuliza habari zake. Kila mahali alisifiwa, isipokuwa katika msikiti mmoja ambako mtu mmoja alisimama akamtuhumu. Na Umar alipokuwa katika maradhi ya kifo chake, alimtaja Saad miongoni mwa watu sita wa shura, akabainisha kwamba hakumwondoa kwa sababu ya udhaifu wala hiyana. Tuulinganishe uchunguzi huo na barazani petu, ambako sauti iliyorekodiwa na mtu asiyejulikana, ikitumwa kwenye kundi la simu saa nne usiku, asubuhi imekuwa ushahidi kwamba kocha fulani amegombana na wachezaji. Aya ya sita ya Sura Al-Hujurat inatuamrisha kuihakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Haikuwatoa makocha katika amri hiyo.

Mfano wa tatu ni wa kuondolewa. Khalid bin Walid (r.a.) alikuwa amiri ambaye ushindi ulimfuata kila alikokwenda. Umar alimvua uongozi, akamweka Abu Ubayda. Wanahistoria wamepokea kwamba Umar aliwaarifu watu wa miji kwamba hakumwondoa kwa hasira wala kwa hiyana. Alichelea watu wasije wakaamini kwamba ushindi unatoka kwa Khalid na kumsahau Mwenye kuutoa. Khalid naye hakususa. Aliendelea kupigana chini ya Abu Ubayda kama askari.

Mwezi Novemba 2023 Simba ilifungwa na Yanga mabao matano kwa moja, na baada ya siku chache tu Robertinho hakuwa tena kocha. Viongozi wana haki ya kumwondoa waliyemwajiri, na hatuingilii kazi yao. Lakini wapo katika sisi waliomwombea dua mtu huyo alipoivusha timu hadi robo fainali ya Afrika, nao ndio waliomtukania mama yake jioni ile. Mkataba wa kocha na klabu una mwanzo na mwisho. Maneno yetu nayo yameandikwa, na kitabu chake hakivunjwi kwa barua ya uongozi.

Hapa tufike kwenye ulimi. Julai 2020 Yanga ilimfukuza kocha wake Mbelgiji, Luc Eymael, baada ya kusikika akiwafananisha mashabiki na wanyama. Nchi nzima ilichukia, na ilikuwa haki kuchukia. Sasa tujiulize: mtoto wa miaka minane anayekaa pembeni ya baba yake kwenye kibanda umiza anasikia nini? Anasikia wachezaji na waamuzi wakifananishwa na wanyama wale wale, ila safari hii msemaji ni jirani yake, na pengine ni baba yake. Aya ya kumi na moja ya sura ile ile ya Al-Hujurat inakataza watu kudharauliana na kubandikana majina ya kejeli, wanaume kwa wanawake. Utani wa Simba na Yanga ni wa siku nyingi, na Waswahili tunajua utani una adabu zake: humtania mtu kwa jambo analoweza kulicheka. Likifika mahali mke wa Yanga anapikia familia huku mume wa Simba hasemi naye siku ya pili, hilo limekwisha kutoka katika utani.

Na sasa tuje kwa anayegharimia. Tumepata kuombwa nasaha na mama mmoja wa hapa Bunju. Mwanawe wa kidato cha tatu alikabidhiwa fedha za mchango wa masomo ya jioni azipeleke kwa mwalimu. Kijana alikuwa amesikia wiki nzima nyumbani kwamba kocha mpya hawezi kushindwa mechi yake ya kwanza. Baba alisema hivyo, kaka alisema hivyo, wakabishana na jirani hadi usiku wa manane. Kijana akaichukua kauli ile kuwa elimu ya yakini, akaiweka fedha yote kwenye mkeka. Timu ikatoka sare. Kwa siku kumi na mbili alikuwa akitoka nyumbani jioni na madaftari yake na kwenda kukaa ufukweni, hadi mwalimu alipompigia simu mama.

Mama hakuja kumlalamikia mtoto. Alilalamika kwamba katika siku zile kumi na mbili, nyumba yenye wanaume wawili wazima walioweza kueleza kwa nini kiungo wa kati alitolewa dakika ya sitini, hakuna aliyegundua kwamba kijana hali vizuri na hatazami watu usoni.

Tumelitafakari neno lile sana. Sheria ya nchi inaruhusu michezo ya kubahatisha kwa aliyetimiza miaka kumi na minane, lakini ruhusa ya serikali haihalalishi kilichoharamishwa katika Sura Al-Maida, aya ya 90, ambako kamari imetajwa pamoja na pombe. Hilo kila mmoja wetu analijua. Tusilolijua ni kwamba mazungumzo yetu ya uhakika, yale ya "huyu lazima ashinde", ndiyo yanayomfundisha mtoto kucheza. Hatukumpa fedha ya kamari. Tulimpa yakini ya uongo, na fedha akaitafuta mwenyewe.

Basi tuna rai chache kwa familia. Maswali yale matatu ya kocha tuyalete nyumbani. Binti wa mzee wa Madyan, katika Sura Al-Qasas, alipomshauri baba yake amwajiri Musa (a.s.), alitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Je, tumemuuliza nani kuhusu sifa hizo kwa mwalimu wa madrasa tuliyemkabidhi mtoto? Je, tunampa mwalimu huyo muda na posho yake kwa wakati, au kila mwaka tunambadilisha kama klabu inavyobadilisha makocha, kisha tunashangaa mtoto hajavuka Juzuu Amma? Mzazi anayemjua kocha wa Bulgaria alitoka timu gani, na ajue mwanawe ameishia sura ipi.

La pili, mechi nyingi za jioni zinagusana na Magharibi. Wanaokwenda kutazama wakubaliane mapema wataswali wapi. Kibanda kilicho karibu na msikiti ni bora kuliko chenye televisheni kubwa. Mzazi akiinuka katikati ya mechi, watoto watainuka bila ya mawaidha.

La tatu, anayemkosoa kocha akosoe kazi yake: mpango wake, wachezaji anaowapanga, namna anavyobadilisha mchezo. Rangi yake, nchi yake, dini yake na mkewe havimo. Na tusiseme "lazima" katika jambo la ghaibu mbele ya watoto. Neno inshaallah lina kazi hata kwenye mpira.

La nne, siku timu inapofungwa, baba aingie nyumbani kwa salamu ile ile ya siku zote. Watoto hupima siku hiyo kuliko siku ya ushindi.

Yule kijana tumeambiwa amerudi masomoni. Baba yake amelipa mchango, na deni lile kijana analilipa kidogo kidogo kwa kumsaidia mama yake kuuza vitumbua asubuhi za Jumamosi. Baba na mwana sasa hutoka pamoja baada ya Alasiri kwenda kuchungulia mazoezi. Wanabishana kuhusu kocha, na tunaambiwa mtoto ndiye mwenye hoja.

Tunamwomba Allah atujaalie ndimi zenye haki na macho yenye kuwaona walio karibu nasi. Wallahu a'lam.