Fishi ya marehemu ni siri ya walio hai

Ndugu wachimbaji, mama zetu, na ninyi wajane wa Kailo,

Mtu akikufa tunamulilia, tunamuzika, tunakaa matanga. Lakini iko kitu kimoja chake kinabakia lopitali: fishi. Ndani yake mumeandikwa umri wake, shimo alimofanya kazi, na ugonjwa uliomuua, hata ule asiopenda jirani ajue. Siku watafiti wakikuja kuomba zile fishi, nani atawajibu? Marehemu hawezi. Na familia, mara mingi, hakuna anayeiuliza.

Tusisikilizane vibaya. Sendika haikatai utafiti. Bila kuhesabu wafu wetu, tutaonyesha namna gani kama vumbi la shimo linakula mapafu? Tuangalie Afrika ya Kusini. Kwa sheria ya 1973, mchimbaji akikufa, familia ikikubali, mapafu na moyo vinatumwa Johannesburg kupimwa. Wakiona ugonjwa wa vumbi, familia inaweza kudai malipo, hata kama munganga hakuuona wakati mtu angali hai. Tangu 1975 majibu yale yanawekwa pamoja, na watafiti wanayatumia. Na katika mwaka wa 2019 tribinali ya Johannesburg ilikubali mapatano ambamo kampuni za zahabu zinalipa wagonjwa wa silikozi na kifua kikuu, pamoja na familia za waliokwisha kufa. Fishi ya marehemu inaweza kulisha yatima.

Basi shida iko wapi? Wanatuambia: «Musiogope, tunaondoa jina.» Katika mji mkubwa pengine inatosha. Mwaka 2008 watafiti walitangaza kwamba walipata virusi vya sida ndani ya kipande kidogo cha mwili wa mwanamke, kilichokatwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1960. Kilisaidia dunia kujua kwamba ugonjwa ule ulianza kutembea kati ya watu miaka mingi mbele ya watu kuugundua. Jina la yule mama halikutangazwa, na ndani ya mji mkubwa vile nani angemutambua?

Lakini huku kwetu? Andika tu: «mwanaume, miaka 47, mchimbaji wa wolframu, alikufa mwezi wa tatu, aliacha mke na watoto sita.» Kijiji kizima kitajua ni nani. Kama fishi inasema sida, marehemu hasikii haya tena. Ni mjane atakayeonyeshwa kidole kisimani. Ni binti yake ambaye wachumba watamukimbia. Siri ya mfu inalipwa na walio hai.

Sheria tuko nayo kidogo. Katiba yetu, kifungu cha 31, inalinda maisha ya siri ya kila mtu. Sheria ya makosa, kifungu cha 73, inaazibu munganga anayetoa siri ya kazi. Lakini karatasi zikivuka mipaka, mambo yanabadilika: ile sheria kubwa ya Ulaya ya kulinda habari za watu, inayotumika tangu 2018, inasema wazi haihusu wafu, inaachia kila nchi ijipangie. Kwa hiyo ulinzi uanzie hapa, mlangoni mwa lopitali yetu.

Tunaomba mambo mane. Kwanza, familia iulizwe, kwa Kiswahili, na ikisema hapana iheshimiwe. Sahihi ya mkubwa mmoja haitoshi. Pili, pamoja na jina, wafiche pia shimo, kijiji na tarehe ya kifo. Tatu, fishi isitoke lopitali, wala isipigwe picha na telefone ya mtu. Nne, majibu yarudi kwetu, na familia ipewe kopi ya karatasi za mtu wao, maana siku ya kudai haki zitahitajika.

Na wewe mchimbaji unayesoma, usingojee. Sema leo kwa mke wako ama kwa ndugu yako unataka nini kuhusu fishi yako. Tunagawanya mashamba na nyumba mbele ya kufa, na hii nayo ni urizi.

Wafu wetu walitoa jasho lao chini ya udongo. Kama wanaombwa kufanya kazi tena, waombwe kwa heshima, na mushahara ufike nyumbani.