Nani Atalipia Habari Zetu?

Machi 2020, kwa sababu ya korona, Oman ilisimamisha uchapishaji wa magazeti na majarida yote. Hapa Maskati wengi wetu tukazidi kuzoea kusoma kwenye simu, tena bure. Kumwambia msomaji huyo alipe ni mtihani.

Nation ya Nairobi ilianza kuwatoza wasomaji wake wa mtandaoni mwaka 2021, kwa vifurushi vya muda mfupi na mrefu. Kifurushi kifupi humvuta mgeni. Uhai wa gazeti uko kwa anayebaki mwaka mzima. Lakini mmoja akilipa, makala hunakiliwa, yakazungushwa WhatsApp.

Kwa maoni yangu, Waswahili wa Oman tusiige bei tu. Al-Falaq, lililoanza Unguja mwaka 1929, lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu: nyuma yake palikuwa na wanachama, si wateja tu. Leo watu 500 wakichanga riali 1 kila mwezi, hizo ni riali 6,000 kwa mwaka, mshahara wa mhariri mmoja. Makala yabaki wazi kwa wote, na anayetaka kujitoa asisumbuliwe. Tukingoja matangazo ya biashara, nani atatangaza kwa Kiswahili Maskati?