Dhahabu Huja Mwisho, Wasee

Sikizeni, hii picha ya bakuli lenye nyufa za dhahabu imetuchosha. Mtu akianguka tu, kuna msee ako tayari kuiposti na maneno ati nyufa zako ndizo urembo wako. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo nimetumiwa hiyo picha mpaka naijua kama namba yangu ya simu.

Sasa niwaulize: nani kati yenu ashawahi kujiuliza lile bakuli liliungwaje?

Wajapani huita kazi hiyo kintsugi, yaani kuunga kwa dhahabu. Lakini dhahabu haishiki kitu pale. Kinachoshika ni urushi, utomvu wa mti. Fundi anauchanganya na unga wa ngano, anapaka vipande, anavishikanisha, halafu anaweka bakuli kwenye sanduku lenye joto na unyevu, juu urushi haukauki kama nguo kwa kamba. Bila unyevu haugandi vizuri. Anangoja siku kadhaa, ama wiki. Anaziba mapengo, anangoja. Anasugua, anapaka tena, anangoja tena. Na huo utomvu mbichi ukikugusa, ngozi inaweza kuwasha na kuvimba vibaya. Bakuli moja linaweza kula miezi. Unga wa dhahabu unanyunyizwa mwisho kabisa, kasafu kembamba tu.

Nyinyi mnaanzia hapo mwisho.

Halafu kuna zile video za kufunza kintsugi kwa dakika 10: gundi ya epoksi, rangi ya kung'aa, kwisha. Kikombe ni chako, fanya utakavyo. Ila usijidai umejifunza ufundi, na usikinywie chai, maanake gundi nyingi za hivyo hazifai kugusana na chakula.

Utasema picha inatia moyo. Inamtia nani? Kijana amefutwa kazi, ama amekosa karo, unamwambia ufa wake tayari ni dhahabu. Boss, huo ni ufa. Unavuja. Na hakuna bakuli lilishawahi kujiunga lenyewe. Kuna mtu alikaa nalo miezi, mikono ikimwasha.

Kwa hivyo beshte yako akivunjika, wacha kuposti. Mwendee. Kaa naye, msaidie kuandika barua ya kazi, changa na wengine karo ipatikane. Wiki ijayo mpigie. Ile ingine pia, hata kama hashiki simu.

Hiyo ndiyo urushi. Dhahabu tutaongea baadaye.