Kabla ya kulipia hom thieta, igeuze utazame mgongo

Mzazi mwenzangu, mahindi yakishauzwa huku kwetu Handeni, kila nyumba huwa na orodha yake. Ada, bati, godoro la mtoto anayekwenda bweni. Na mwisho kabisa wa orodha, baba au vijana huchomeka neno moja: hom thieta.

Leo sitakuambia ulifute. Nitakuambia yaliyotupata sisi, ili yasikupate wewe.

Mama mkwe wangu anaishi nasi. Masikio yake yamechoka. Kila taarifa ya habari ya saa mbili usiku alikuwa akiuliza, "Wamesemaje?" Watoto walimjibu mara ya kwanza; mara ya pili wakanyamaza. Taratibu akaanza kwenda kulala mapema. Ndipo baba watoto akasema tutafute spika. Hizi runinga nyembamba hazina nafasi ya spika kubwa, na vispika vyake mara nyingi hutazama chini au ukutani, si kwa msikilizaji.

Tukapanda basi hadi Korogwe, kilomita 65, tukanunua risiva ya mtumba na spika zake. Nikisema risiva sina maana ya king'amuzi. Nasema ile amplifaya inayopokea waya za vifaa vyako, ikapeleka picha kwenye runinga na sauti kwenye spika. Muuzaji akaweka muziki, kifua kikatetemeka, tukalipa. Hatukuigeuza.

Nyumbani ndipo tulipoona mgongo wake: matundu ya njano, nyekundu na nyeupe tele, la HDMI hata moja. Fundi wa mtaani akatuokoa kwa waya wa shilingi elfu chache, kutoka tundu la hedifoni la runinga hadi kwenye risiva. Sauti ikatoka, tukashangilia.

Wiki haikuisha. Nimerudi sokoni nikamkuta mama amekaa mbele ya runinga, picha zinapita, sauti hakuna. Ukichomeka waya kwenye tundu la hedifoni, runinga nyingi hunyamazisha spika zake zenyewe. Risiva ilikuwa imezimwa, na katika rimoti tatu zilizokuwa mezani yeye hakujua ipi ni ipi.

"Mama, umekaa hivi tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi, mwanangu. Sikutaka kuwasumbua."

Siku hiyo niliona kwamba tulinunua mshindo, hatukumnunulia mama sauti. Mwaka uliofuata tulinunua tena, safari hii kwa akili. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, hesabu vifaa vyako. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam Desemba 31, 2012, king'amuzi kimekuwa cha lazima kwa nyumba nyingi, na vifaa vingi vya sasa hutoa picha na sauti kwa waya mmoja wa HDMI. Una king'amuzi, deki na mchezo wa watoto? Basi tafuta risiva yenye matundu matatu yaliyoandikwa IN, na moja la OUT la kwenda kwenye runinga. Sabufa nyingi za bei ndogo hazina hata moja.

Pili, tafuta herufi tatu: ARC. Zinaandikwa kando ya tundu la HDMI. Njia hii ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, nayo huirudisha sauti ya runinga kwenye risiva kwa waya uleule. Herufi hizo lazima ziwepo pande zote mbili, kwenye runinga na kwenye risiva. Zikiambatana na mfumo wa CEC uliowashwa pande zote mbili, rimoti moja ya runinga huweza kupandisha na kushusha sauti ya spika, na mara nyingi kuwasha na kuzima vyote pamoja. Kwa nyumba yenye mzee, hilo lina thamani kuliko spika sita.

Tatu, usilipie namba usizozihitaji. Muuzaji atakutajia HDMI 2.1 na 8K. Ving'amuzi vingi vya majumbani havihitaji hayo. Kama runinga yako ni ya 4K, HDMI 2.0 inatosha filamu za kawaida. Ila kama mnatazama filamu za mtandaoni za 4K kupitia risiva, hakikisha imeandikwa HDCP 2.2, bila hiyo mnaweza kupata kioo cheusi.

Nne, usidanganywe na wati. Boksi linaweza kuandikwa wati 10,000, lakini kibandiko cha nyuma kikisema kifaa kinatumia wati 60 za umeme, amini kibandiko. Hakuna amplifaya inayoweza kuendelea kutoa nguvu kuliko inayoingiza. Kwenye maelezo tafuta namba ya RMS, achana na ile ya PMPO.

Tano, soma volti. Umeme wetu ni volti 230. Mtumba uliotengenezwa kwa soko la Japani huwa wa volti 100, na wa Marekani 120. Ukiuchomeka moja kwa moja ukutani, unaweza kuungua siku hiyohiyo. Kama hauna swichi ya kubadili volti, utahitaji transfoma, na bei yake iingize kwenye hesabu kabla ya kukubaliana.

Sita, jaribu hapohapo dukani. Beba king'amuzi chako na waya wake wa HDMI kwenye mfuko. Mwombe muuzaji akiunganishe na runinga aliyonayo, picha na sauti zitoke mbele yako. Sikiliza sauti ya mtu akizongumza, si muziki peke yake. Chukua risiti na uliza dhamana ni ya muda gani. Kutoka Handeni hadi Korogwe na kurudi ni nauli mara mbili. Ukilazimika kurudisha kifaa, utailipa tena.

Na la mwisho, kaeni chini nyumbani kabla ya kuondoka. Jiulizeni hiki kifaa ni cha nani. Kama jibu ni vijana na muziki wao, sabufa ya kawaida inatosha, fedha nyingine iende kwenye ada. Kama ni mzee asikie, tafuteni ARC na rimoti moja.

Kwetu siku hizi mama huwasha mwenyewe. Tukichelewa kurudi, yeye ndiye anayetusimulia habari za saa mbili, na sisi ndio tunaouliza, "Wamesemaje?"

Tukutane wiki ijayo.